Pete Zilizotoka kwa Ndugu Yangu

Ndugu yangu wa pekee tulimzika nyumbani Kisaju siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi nilikuwa maabara, nikivilisha vimelea vilivyomuua.

Hakuna aliyenilazimisha. Mkuu wetu alikuwa amenipa ruhusa ya wiki mbili, na alishtuka aliponikuta nimevaa koti jeupe. Lakini vilikuwa vimekaa siku sita bila kubadilishiwa chakula, na nilijua nisipokuja vitaanza kufa. Nilitoa chupa kwenye kabati la joto, nikachukua tone, nikaliweka chini ya hadubini. Vilikuwa vizima. Vilikuwa vinaogelea kwa mikia yake, vimenona, vingi kuliko nilivyoviacha. Niliviongezea maji yale ya rangi ya waridi yenye sukari na damu ya ndama iliyochujwa, nikafunga kifuniko, nikaandika tarehe. Kwenye chupa hakukuwa na jina lake, ila namba tu.

Nifafanue kazi yangu, maana hata nyumbani walichukua muda kuielewa. Maabara yetu ni ndogo, iko upande wa Kitengela, katikati ya ploti ambazo nilipokuwa msichana zilikuwa malisho. Tunachunguza kala-azar. Ni ugonjwa wa kimelea cha chembe moja, kidogo hivi kwamba elfu vinaweza kukaa kwenye ncha ya sindano, na mtu hukipata akiumwa na usubi. Kikishaingia hujificha kwenye bandama na kwenye uboho wa mifupa. Mgonjwa hupata homa isiyoisha, tumbo linafura, mwili unakwisha, ngozi inakuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa. Asipotibiwa hufa. Nilikuwa nimesoma mambo haya chuoni nikapasi mtihani, na miaka minne nilikuwa nimeshika damu ya watu wa mbali. Sikuwahi kufikiri itakuja ya nyumbani.

Ilianza na ukame. Nyasi zilipoisha Kisaju, baba alimtuma mdogo wangu na ng'ombe wote waende kutafuta malisho. Walishuka hadi Kimana. Huko wenye mashamba ya vitunguu hawakutaka kuona ng'ombe karibu na mifereji yao, wakawafukuza kwa mawe, na ndugu yangu akaendelea mbele, nyuma ya milima ya Chyulu, kuelekea nyika za Kitui. Alikaa huko miezi saba. Jioni alikuwa akikaa juu ya vichuguu, kwa sababu ukiwa juu ya kichuguu unaona kundi lote. Usubi huishi ndani ya vichuguu hivyo hivyo na hutoka jua likizama. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na mimi niliyejua sikukumbuka kumwambia.

Alirudi na chini ya nusu ya kundi. Baba alitoka bomani, akawahesabu ng'ombe mmoja mmoja, mbavu zao zikionekana, kabla hajamtazama mtoto wake. Kisha akamwambia mbele ya mama na majirani, "Ulikuwa unalala."

Ndugu yangu alikuwa ameshikilia mlango wa boma ili asianguke. Homa ilikuwa imemwanza wiki tatu kabla ya siku hiyo.

Walimpa dawa ya malaria kutoka duka la Kisaju. Homa ikarudi. Wakampa ya taifodi, ikarudi tena. Baba alisema anajifanya mgonjwa kwa sababu ya aibu ya ng'ombe. Ni mama aliyenipigia simu akanong'ona, kama mtu anayeiba, "Njoo umwone. Tumbo lake liko na kitu."

Nilifika nikaweka mkono. Bandama ilikuwa imeshuka hadi kitovuni, ngumu kama ubao. Nikajua kabla ya kipimo chochote.

Hospitalini walithibitisha siku hiyo hiyo. Kabla ya kumwanzishia dawa, daktari alimchoma sindano kwenye bandama akavuta tone la majimaji, na kwa kuwa maabara yetu ilikuwa ikikusanya sampuli za namna hiyo, ndugu yangu aliombwa ruhusa. Alisomewa fomu yote. Akaniangalia.

"Sista, hii yangu itasaidia nini?"

"Itasaidia tujue kwa nini dawa inakataa kwa watu wengine."

"Basi chukueni. Iko mingi." Akacheka, akatia kidole gumba kwenye wino.

Niliibeba mwenyewe kwenye kisanduku cha barafu hadi Kitengela. Nusu niliigandisha kwenye tangi la naitrojeni siku ileile. Nusu niliiweka kwenye chupa ikue.

Matibabu ni sindano mbili kila siku, kwa siku kumi na saba. Zinauma. Makalio yake yalivimba mpaka akawa analala kwa tumbo, na tumbo nalo lilikuwa bovu. Lakini siku ya sita homa iliondoka. Siku ya nane aliomba nyama.

Siku ya tisa baba alikuja. Nilikuwa hapo, nimeleta chapati. Alisimama mguuni pa kitanda na fimbo yake, akamtazama mtoto akila.

"Huyu amepona," alisema.

Muuguzi akamweleza kwamba zimebaki siku nane, kwamba homa kuondoka si kupona. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu akanigeukia mimi.

"Mvua imenyesha. Ng'ombe waliobaki wako na mtu wa kuajiriwa ambaye hajui hata majina yao. Mwanaume hawezi kulala kitandani siku kumi na saba akidungwa kama mtoto. Niandikie hiyo karatasi yao."

"Papa, ngoja amalize. Ni wiki moja tu."

"Wewe uko na kazi ya kuhesabu wadudu. Mimi niko na kazi ya kulisha watu. Andika."

Ndugu yangu alikuwa ameacha kutafuna. Nilimwangalia nikitumaini atakataa yeye, ili nisiwe mimi wa kukataa, na nadhani naye alikuwa akiniangalia akitumaini hivyo hivyo. Baba hajui kuandika. Muuguzi akaleta fomu ya mgonjwa anayeondoka kinyume cha ushauri wa daktari. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nina digrii, nina gari langu dogo. Nikaweka sahihi.

Miezi mitano alikuwa mzima. Alinenepa. Alichunga. Baba alikuwa akiwaambia watu sokoni kwamba hospitali hupenda kuweka watu, na kwamba yeye ndiye aliyemtoa mtoto wake huko akiwa bado na nguvu. Mwezi wa sita homa ilirudi.

Safari hii ilikuwa mbaya tangu siku ya kwanza. Tulichukua sampuli ya pili, wakamwanzishia sindano zilezile. Homa ilishuka siku nne, ikapanda tena dawa ikiwa bado inaingia mwilini. Wakaanza kutafuta dawa nyingine. Pua ikaanza kutoka damu, na haikukoma. Kisha kifua kikashikwa. Mchana mmoja alinishika mkono akaniuliza kama wadudu wake waliokuwa kwangu wako hai. Nikamwambia wako hai.

"Wanakula nini?"

"Sukari. Na damu ya ndama."

"Hata huko wanakula ng'ombe zetu," alisema, akafumba macho. Ulikuwa mzaha wake wa mwisho. Alikufa siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, wakati wahudumu wakibadilisha mashuka ya kitanda cha jirani.

Kwa hiyo Alhamisi ile nilikuwa na chupa mbili za ndugu yangu mbele yangu, ile ya kwanza kabla ya dawa na ile ya pili aliyokufa nayo. Nilitaka kujua zinatofautiana wapi.

Nitaeleza kwa njia niliyomweleza mama. Ndani ya kila kimelea kuna maagizo ya maisha yake, yameandikwa kwenye nyuzi ndefu zenye ncha mbili. Lakini kimelea hiki kina ujanja. Kikibanwa na dawa, kinaweza kunakili kipande kidogo cha maagizo, kile kinachokisaidia kuitoa sumu nje, na kukiunganisha ncha kwa ncha kikawa pete. Pete hiyo hukaa peke yake, nje ya zile nyuzi, na kimelea kinaweza kuwa nazo nyingi. Mwenye pete nyingi hutema dawa, asiye nazo hufa. Lakini kubeba pete ni mzigo. Dawa ikiondoka, vimelea vinagawanyika na kugawanyika, na kidogo kidogo pete zinapotea, kwa sababu hakuna tena anayezihitaji.

Kuzitafuta ni rahisi kuliko inavyosikika. Kuna kimeng'enya kinachotafuna uzi kuanzia kwenye ncha. Pete haina ncha. Unatia kimeng'enya, unaacha kitafune, unapitisha kilichobaki kwenye jeli yenye umeme, unawasha taa ya zambarau. Kama pete zipo, utaona mstari unang'aa.

Sampuli ya kwanza ya ndugu yangu haikuonyesha kitu. Sampuli ya pili ilionyesha mstari mnene kama alama ya chaki.

Mkuu wangu, mwanamke mtulivu wa kutoka Nyeri ambaye huwa hasemi jambo mpaka alifikirie mara mbili, alitazama picha ile kwa muda. "Inavutia," alisema. "Lakini ni mtu mmoja, na haithibitishi kilichotokea. Usiende mbali nayo."

Nilienda nayo mbali. Jumamosi iliyofuata niliichapisha kwenye karatasi ngumu, nikaendesha hadi Kisaju.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshika redio bila kuisikiliza. Niliinamisha kichwa, akaweka kiganja chake juu yake kama ilivyo desturi, kisha nikachuchumaa na kumwekea picha magotini. Hakuuliza ni nini. Nilimwonyesha upande wa kushoto.

"Hapa ni kabla ya dawa. Hakuna kitu. Dawa ingewaua wote." Nikasogeza kidole kulia. "Hapa ni baada ya zile siku tisa. Unaona mstari? Dawa ya nusu haiui, inafundisha. Waliobaki walijifunza. Ulipomtoa kitandani siku ya tisa ndipo walipojifunza."

"Hii mashine inaweza kujua siku?"

"Inajua," nilisema.

Ulikuwa uongo. Hakuna mashine inayojua siku. Lakini nilisema kwa sauti ileile ninayotumia kusoma majibu ya watu, na baba, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuniamini kuhusu ng'ombe wala ploti wala mwanaume, aliniamini.

Aliishika ile picha karibu na macho. Alifuata ule mstari kwa kidole, na ninakumbuka nilichohisi. Nilihisi vizuri. Nilihisi kama mtu aliyekunywa maji baada ya kutembea. Hakusema kuhusu sahihi yangu, na mimi sikusema.

Baada ya siku hiyo alianza kuisha. Aliacha kwenda sokoni. Mama aliniambia kwamba baba hali tena pamoja na watu, anapelekewa chakula nyuma ya nyumba. Ng'ombe waliobaki aliwagawa kwa wajomba kana kwamba yeye ndiye amekufa. Picha ile aliiweka ndani ya Biblia, na kila mgeni aliyekuja kutoa pole alionyeshwa, akaelezwa na baba mwenyewe, kwa maneno yangu, kushoto na kulia. Kuna wazee walioacha kumtembelea.

Mama alinipigia simu. "Ulimwambia nini huyu mzee?"

"Ukweli."

"Ungengoja," alisema. "Hata ukweli unaweza kungoja."

Mwezi wa tatu tangu mazishi mkuu wangu aliniita mezani kwake. Alikuwa akipitia daftari langu, ukurasa kwa ukurasa.

"Hii sampuli ya kwanza ya ndugu yako. Uliipima lini?"

"Wiki ile ya mazishi."

"Na ilikuwa imekaa kwenye chupa tangu alipolazwa mara ya kwanza. Bila dawa ndani." Aliinua macho. "Miezi mingapi hiyo?"

Sikuhitaji kuhesabu. Nilikuwa nimeshaelewa alichotaka kusema. Ya pili niliipima ikiwa bado changa, imetoka mwilini mwa mtu anayedungwa dawa. Ya kwanza niliikuza nusu mwaka katika sukari na raha, nikiibadilishia chakula kwa mikono yangu, na kama ilikuwa na pete, ilikuwa na muda wote duniani wa kuzitupa. Kosa hili mwanafunzi wa mwaka wa pili angeliona.

"Toa ile uliyoigandisha siku ya kwanza," alisema mkuu. "Ipime bila kuikuza."

Niliitoa. Ilikuwa kichupa kidogo, kikitoa moshi wa baridi, kina maandishi yangu ya siku ile nilipoendesha kutoka hospitalini nikiwa bado na matumaini. Nilifanya kazi polepole. Nilirudia mara tatu, siku tatu tofauti. Mara zote tatu mstari ulikuwapo. Haukuwa mnene kama ule wa pili, lakini ulikuwa wazi, hata mtoto angeuona.

Kimelea kilimwingia ndugu yangu kikiwa na pete tayari. Pengine usubi uliomuuma kwenye kichuguu ulikuwa umemuuma kwanza mtu mwingine aliyekatiza dawa yake, nyikani huko, mtu ambaye hatutamjua. Pengine siku nane zilizobaki zingemwokoa. Pengine zisingemwokoa hata kidogo. Mkuu alisema hakuna anayeweza kujua, na aliposema hivyo alinishika bega, kwa sababu alidhani namlilia ndugu yangu.

Huo ulikuwa mwezi wa nne. Kutoka Kitengela hadi Kisaju ni mwendo wa dakika chache kwa barabara ya Namanga. Sikwenda. Nilijiambia niko na kazi. Nilijiambia barua ya mkuu ya kuthibitisha matokeo haijatoka, nisubiri iwe rasmi. Wikendi nyingine niliendesha nikapita Kisaju bila kusimama, nikageuzia Kajiado, nikanywa chai hotelini huko, nikarudi. Ukweli ni kwamba kila mara nilipomwazia baba nyuma ya nyumba na sahani yake, kitu ndani yangu kilisema mwache akae hapo kidogo zaidi. Nilikuwa namkumbuka mguuni pa kitanda na fimbo. Nilikuwa namkumbuka akihesabu ng'ombe.

Nilikwenda mwezi wa kumi na moja, kwa sababu mama alisema baba ameacha kula kabisa.

Nilimkuta amekonda mpaka shuka lake lilimzunguka mara mbili. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimweleza kuhusu chupa, kuhusu pete zinazopotea, kuhusu kile kichupa cha barafu. Nikamwambia kwamba mashine haijui siku, haijawahi kujua.

Alivuta shuka begani. Kisha akauliza.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa nne."

"Huu ni wa kumi na moja."

"Ndiyo, papa."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Gari liliharibika?"

"Hapana. Nilitaka uendelee kuubeba huo mzigo."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Alinitazama jinsi anavyotazama ndama aliyezaliwa na alama ya dume lake. "Wewe ni damu yangu kabisa," alisema. "Yule mwingine alikuwa wa mama yake."

Halafu akamwita mama kutoka jikoni. Mama alikuja na ungo wa maharagwe anayochambua, akakaa.

"Mwambie," baba aliniambia. "Yote. Na usiache ile ya mwezi wa nne. Na ile ya nani aliandika karatasi hospitalini, maana hajui hiyo pia."

Nilirudia yote mbele yake. Ilinichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Mama hakuacha kuchambua. Nilipofika kwenye sahihi, mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Kwa hivyo angekufa tu," alisema nilipomaliza.

"Labda, yeyo," nikamjibu mama. "Hatujui."

"Hamjui." Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa mlangoni. "Mwaka mzima ninyi wawili mnapimana nani alimuua. Huyu hali, huyu haji. Mimi napika, narudisha chakula kimelala. Kuna siku mmoja wenu aliniuliza mimi ninalalaje?"

Aliuweka ungo chini.

"Tokeni nje," alisema. "Wote wawili. Sitaki kuwaona kwa hii nyumba sasa hivi."

Sikuwahi kusikia mama akimwambia baba atoke mahali. Nilidhani baba atainua fimbo. Aliinuka kwa kushikilia ukuta, akatoka, na mimi nikamfuata. Alikaa kwenye jiwe upande huu wa boma. Mimi nikakaa upande ule, karibu na tangi la maji. Boma lilikuwa tupu, samadi ya zamani imekauka ikawa vumbi. Mawingu yalikuwa yamekusanyika kutoka upande wa Ngong, na baada ya muda matone yakaanza kuanguka, makubwa na machache, kisha mengi. Tulilowa, kila mtu mahali pake. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, moshi unatoka, na hakuna aliyetuita ndani.